Koti la Mwezi wa Kumi

Shule niliiacha darasa la tatu. Nyumba yangu hapa Lubumbashi niliijenga kwa samaki wakavu wa kutoka Kasomeno, gunia kwa gunia. Kwa hiyo munganga wa hospitali aliponiambia nina kansa ya damu, sikulia. Nilimuuliza dawa iko wapi.

Kabla ya seromu ya kwanza, ile chupa ya dawa ya kutundikwa mshipani, alinionya: "Papa, ngozi ikibadilika hata kidogo, unasema siku ileile."

Ilibadilika baada ya seromu ya pili. Vipele vyekundu kifuani, kisha mgongoni, vinawasha kama upupu. Sikusema. Nguvu zilikuwa zinarudi, nikaogopa wataniondolea dawa. Nikavaa koti, vifungo mpaka shingoni, katika joto la mwezi wa kumi. Jirani akauliza kama nimekuwa waziri.

Koti halikufaa kitu. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, akifua shati alikuta kola imejaa magamba ya ngozi. Akamwita mdogo wake, yule ambaye mwaka uliopita nilimtupia jalalani mikebe yote ya mafuta ya kujichubua, huku nikimhubiria kwamba Mungu hakosei rangi.

Shemeji alichungulia kola, akapiga makofi.

"Ya! Shemeki, kumbe ulitupa mafuta yangu ili uyaokote weye!"

"Mimi? Mafuta?"

"Unajichubua, muzee! Sema tu, ule mwanamuke iko nani?"

Bibi yangu hakucheka. Kuitwa mgonjwa, sawa. Lakini mzee wa kujichubua? Nikavua koti, nikavua na shati, palepale sebuleni.

"Angalieni basi!"

Shati lilitoka na ngozi. Mgongo wote ulikuwa malengelenge. Shemeji akakimbilia kufungua mlango. Bibi yangu alikuwa ameshika funguo za gari tayari.

Munganga alinikaripia kama mtoto. "Seromu ya tatu ilikuwa kesho, Papa. Dawa ingekuua kabla ya kansa." Akaifuta ile dawa, akanilaza mpaka ngozi ikafunga, ndipo akanianzishia nyingine. Jina la ile mbaya aliniandikia kwenye kikaratasi, kwa herufi kubwa.

Sasa mgongo una mabaka meupe, na shemeji ananiomba jina la pomadi.

Kusoma kwangu ni kwa taabu. Hata hivyo, kila wakileta seromu ninatoa kikaratasi, ninakilinganisha na chupa, herufi moja moja. Juzi muuguzi alichoka kusimama.

"Papa, tutamaliza leo kweli?"

"Ngoja, mama. Imebakia herufi ine."