Dumu la Jirani

Mama haoshi kibuyu cha asali kwa maji. Hukifukiza moshi, basi. Kile alichonitumia kutoka Lodwar kilipata ufa njiani, na jirani yangu hapa Kakuma, mama mmoja Mkongo, akaniazima dumu. Alilisuuza kwanza kwa maji ya kunywa, yale ya mgao tunayopangia foleni kila asubuhi. Nikamimina asali humo, kumbe ndani bado kulikuwa na unyevu. Wiki chache baadaye ilitoa povu na kunuka kama pombe.

Niliudhika. Mama alipokuja kunitembelea nikamlaumu jirani: mtu mzima gani asiyejua kukausha dumu?

Mama akaonja, akatema.

“Imeharibika,” akasema. “Lakini mwenzako alikutolea maji yake ya kunywa. Wewe umempelekea nini?”