Uyoga wa Baba na Njia ya Kuzunguka

Baba yangu hajui kudanganya, lakini hilo halijawahi kumzuia kujaribu. Kule kwetu upande wa Goweko, mvua zikishakolea, alikuwa akiamka kabla yetu sote, anaweka jembe begani kama mtu anayekwenda kwenye tumbaku yake, kisha anaelekea relini, ambako hatuna shamba wala mbegu. Njiani alimsalimia kila mtu "mwangaluka" kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. Aliyemuuliza safari ya wapi alijibiwa kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Kijiji kilijua hakuna mgonjwa. Kilijua pia kwamba jua likipanda kidogo atarudi na kikapu kilichofunikwa majani, na chini ya majani hayo utakuwemo uyoga mweupe, mpana kama sahani.

Huku kwetu kila nyumba huokota uyoga porini, na wengine huupanga kwenye ndoo kando ya barabara wakauuza. Lakini mahali pa baba palikuwa pa baba. Alisema usiri huo aliurithi kwa babu yake, aliyebeba mizigo ya misafara kutoka Tabora hadi pwani na hakuwahi kumwonyesha mpagazi mwenzake alikopata maji. Nilipokuwa mtoto niliona huo ni ushujaa. Siku hizi nikiwaza naona yule mzee alikuwa mchoyo tu, tena mchoyo wa maji.

Tulijaribu kumfuata, mimi na ndugu zangu. Baba alikuwa anakaa juu ya kichuguu, anavua kiatu, anakung'uta jiwe ambalo halimo, anakivaa, anavua cha pili. Aliendelea hivyo kwa utulivu wa ajabu mpaka tukachoka na kurudi nyumbani kwenye uji. Mama tukimuuliza uyoga unatoka wapi alijibu, "Mimi sijui, muulizeni mwenyewe," huku akitwanga karanga za kuuungia. Mama hajui kitu chochote. Hata ukimuuliza kisu kiko wapi, na kisu anacho mkononi, atakwambia hajui.

Nimeondoka nyumbani miaka mingi, nimeolewa mjini Tabora, na ugonjwa ule wa kuficha nimeubeba. Nina muuza asali wangu ambaye sitamtaja hata kwa mashoga zangu. Wakiniuliza nasema naletewa. Wanangu wananicheka, kwa sababu wananiona nikizunguka nyuma ya soko na chupa nimeificha ndani ya kanga.

Mwaka huu goti la baba liligoma. Zahanati walimpa vidonge wakamwambia atulie. Mvua zilikuwa nzuri, uyoga ukapita barabarani kwenye ndoo za watu, naye amekaa barazani akiangalia upande wa reli, hasalimii mtu. Mama akanipigia simu. "Baba yako hali vizuri. Nimemnunulia uyoga, anasema wa barabarani hauna ladha."

Niliogopa. Sikuogopa njaa, maana baba akiwa na njaa husema. Niliogopa kwamba ameanza kukaa kama watu wanaokaa kusubiri tu. Nikapanda gari siku hiyohiyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama goti?"

"Nimekuja kwa uyoga. Nielekeze tu, nitauchuma mimi."

"Hapaelekezeki pale."

"Basi nichoree hapa chini, kwa fimbo."

Akautazama mchanga, akautazama tena, na kwa kitambo nilidhani atachora. Kisha akasema, "Goti likipona."

Nilikasirika kweli. Niliingia jikoni nikawa naweka sufuria chini kwa kishindo. "Atakufa napo," nilimwambia mama. Mama alijifunga kanga ya pili kiunoni, akasema, "Chukua kikapu."

Tulitokea nyuma ya nyumba. Tukapita bani la kukaushia tumbaku, tukaingia kwenye miyombo, na kabla sijaanza kuhema mama akasimama. Moshi wa jiko letu nilikuwa naunusa bado. Kwenye ubavu wa kichuguu cha zamani uyoga ulikuwa umesimama kama vyombo vilivyoanikwa.

"Mama, ulipajua lini hapa?"

"Mwaka ule ule alionioa. Nilikuwa nakata kuni, nikamwona anatokea kule, amezunguka weee, amechoka."

"Na miaka yote hii hukumwambia?"

Alikuwa ameinama, anachuma ule mkubwa na kuufunika mdogo kwa majani. "Ningemwambia," alisema, "asubuhi angekuwa anakwenda wapi?"

Kikapu kilipojaa niligeuka kurudi tulikotoka, mama akanishika mkono. Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi na mwanamke huyu, aliyekuwa na tope mpaka magotini, tutakwenda kuzunguka mpaka relini, kama baba. Tulikwenda. Tulimsalimia kila tuliyemkuta, tukaingia nyumbani kwa mbele, alipokaa baba.

"Mmetoka wapi?"

"Barabarani," mama alisema. "Tumenunua."

Baba akainua jani. Uyoga wa barabarani huwa umevunjikavunjika na una vumbi; huu ulikuwa mzima, na udongo mbichi kwenye mashina. Akautazama. Akatazama upindo wa kanga ya mama, umeloa na kujaa mbegu za nyasi. Nilishusha macho, nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeshikwa.

"Si mbaya," alisema hatimaye. "Ila hauwezi kuufikia wa kwangu."

Jioni hiyo alikula akaomba aongezewe, akaongezewa, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Nilimwona mama akigeukia ukutani kuficha kicheko.

Kesho yake nilipoaga, baba aliniita karibu na kiti chake, akateremsha sauti.

"Mwakani goti likiwa zima nitakupeleka mwenyewe. Ni mbali lakini. Uje na viatu vya kutembelea."

"Nitakuja, baba."

"Na mama yako usimwambie."

Nikamwahidi kwamba sitamwambia.