Mukwe Wangu Hakunishika

AVC, kiharusi, ilinikuta nikisonga bukari. Mwiko ulibaki umesimama ndani ya chungu, minye mwenyewe nikalala chini, upande wa kuume umekufa. Hospitalini walifanya kazi yao, wakanirudisha kwa binti yangu hapa Kikula, na hapo ndipo watu wa nyumbani walipoanza kunizika. Udongo hawakunitia. Waliniwekea kiti mlangoni, wakaniletea sahani, wakasema nipumzike. Nimezika mume, nimeuza bitoyo, samaki wale wa chumvi, tangu binti huyu yuko mgongoni. Nipumzike nini?

Nikajifundisha kutembea ndani ya lupango, uani kwetu, nimeshika ukuta, kutoka jikoni mpaka chooni. Ukuta ulipokwisha nikachukua fimbo. Nikamwambia binti kwamba narudi kwenye meza yangu sokoni, na kwa miguu. Alinitazama sana.

"Sawa, mama. Lakini siku utaanguka mu njia, ile njo mwisho. Meza nitapatia muntu mungine."

Asubuhi hiyo nilitoka. Malori ya Kambove yalinipita, vumbi likanijaa mdomoni, nikatema, nikaendelea. Nikafika kwenye mfereji ulio kabla ya soko. Mguu wa kushoto ulivuka. Wa kuume nikauita, haukusikia. Nikaenda chini kwenye matope, fimbo ikaingia mferejini, kikwembe nilichojifunga kiunoni kikalegea.

Na muntu wa kwanza kutokea alikuwa nani? Mukwe wangu, mume wa binti huyo, anarudi kutoka kazi ya usiku kiwandani Shituru. Kwetu mwanaume hamgusi mama wa mke wake. Hamshiki mkono, hamwangalii usoni. Hata siku nilipotoka hospitali aliita majirani wanibebe, yeye akasimama nyuma ya nyumba. Sasa aliponiona akasimama palepale, akageuza uso barabarani, kofia ya kazi mkononi.

Bantu wakajaa. Mama mmoja muuza maandazi akamvamia kwa maneno.

"Weye baba, mama analala mu matope, unaangalia magari? Roho yako iko namna gani?"

Wanaume wawili wakainama waninyanyue kwapani kama gunia la makaa.

"Muniache," nikasema. "Na yeye mumuache. Ule njo mukwe wangu. Anafanya vile inafaa."

Mukwe akavaa kofia yake. Aliingia katikati ya barabara, mgongo kwangu, akapanua mikono, akasimamisha pikipiki zote. Wakampigia honi, hakusogea.

Basi nikainuka. Kwanza nilifunga kikwembe, kwa mkono mmoja na meno, maana siwezi kusimama uchi mbele ya mukwe. Halafu goti. Halafu ukingo wa mfereji. Ule mguu niliutukana matusi ambayo padri asiyasikie, mpaka ukaja. Nikavuta fimbo yangu, nikavuka. Mukwe aliposikia fimbo inagonga lami, alishusha mikono akaenda zake kulala.

Sokoni, jirani yangu alikuwa ametandaza nyanya mpaka upande wangu wa meza. Aliponiona alishika kichwa.

"Mama, shiye tulisema umeisha kufa."

"Nani alisema? Toa nyanya."

Akazitoa, analia na kucheka.

Jioni binti yangu aliona matope yaliyokauka kwenye kikwembe. Nikamwambia njia za Kikula ni chafu, yeye mwenyewe anajua. Hakuridhika. Akamgeukia mume wake, aliyekuwa anakula uani, amenipa mgongo kama siku zote. Neno moja tu kutoka kwake, na meza imekwenda.

"Unapitaka ile njia. Mama alianguka?"

Mukwe akamega bukari, akachovya kwenye mboga, akatafuna mpaka ikaisha.

"Unaniuliza minye? Minye siangaliaka mama mukwe. Unajua."

Binti akarudi jikoni. Heshima hiyo ni minye nilimfundisha.

Asubuhi nikachukua fimbo, nikaenda kuuza.