Waya wa Platini

Miaka mitatu nilichoma magugu maji. Mama yangu aliyatoa ufuoni Homa Bay, akayaanika kando ya omena, dagaa wa jirani, nami kila mwezi nilibeba gunia hadi maabara ya chuo kule Rongo. Niliyachanganya na chumvi ya chuma, nikayachoma kwenye tanuri bila hewa mpaka yakawa unga mweusi. Nilitaka unga huo ufanye kazi ya platini ndani ya seli za hidrojeni, zile zinazotoa umeme. Platini bei yake haishikiki; magugu yanaziba ziwa letu bure.

Mwaka wa tatu unga ukakubali. Niliutia kwenye asidi nikapima, na kila siku umeme ulipanda. Msimamizi wangu, mtu asiyesifu hata chakula, alinipa mkono, akanipangia siku ya kutetea tasnifu. Mama akatangaza kanisani kwamba magugu yake yatawasha taa, na mimi, mjinga, sikumzuia.

Kilichoninyima raha ni huko kupanda kila siku. Mimi mwenyewe nilikuwa hoi. Kwa nini unga usichoke? Juma moja kabla ya kutetea, nikautazama waya wa pili wa kupitishia umeme, uliozama kwenye asidi ileile, waya tulioazima chuo kingine tukajiona tumefika. Ulikuwa wa platini. Asidi ilikuwa inaula kidogo kidogo, na chembe zake zinatua juu ya unga wangu.

Nilipasua betri kuukuu ya tochi, nikatoa kijiti chake cheusi cha kaboni, nikakisafisha, nikakiweka mahali pa waya. Nikapima unga mpya. Umeme ulikuwa kiduchu. Nililia, sioni haya kusema.

"Nani mwingine anajua?" msimamizi aliuliza.

"Hakuna."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba angesema tufunike, ningefunika. Hakusema. Nikafuta tarehe ya kutetea mwenyewe.

Mama nilimkuta akigeuza magugu juani. Nikamweleza yote.

"Nyathina, mwanangu, sasa nitaambia kanisa nini?"

"Waambie nilikosea."

"Mimi siwezi. Utaambia wao wewe mwenyewe."

Jumapili nilisimama wakati wa ushuhuda, nikasema umeme haukuwa wa magugu, na kwamba naanza upya. Watu walipiga makofi, maana kila ushuhuda hupigiwa makofi. Mama alikaa mikono mapajani, akitazama sakafu.