Ualbino Uliotafutiwa Mwanamke

Juma lililopita nilikuwa katika kituo kimoja cha afya mtaani Bigo, nikingoja majibu ya malaria, nikasikia mwanamume akifoka katika wodi ya wazazi. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto mwenye ualbino. Bwana huyo alisimama mlangoni na mama yake mzazi, mikono kiunoni, akimtazama mtoto kama bidhaa mbovu aliyouziwa sokoni.

"Huyu haiko mutoto wangu! Kwetu hakuna mutu wa vile."

"Hata mumoja!" mama yake akadakia, akimnyooshea mkwewe kidole. "Ni bibi yake ndiye alileta."

Muuguzi hakupandisha sauti. "Papa, mutoto anapokea sehemu moja kwa mama, moja kwa baba. Hata weye uko nayo hii ya ualbino, lakini ile ingine iko na nguvu, inaifunika. Mutoto alipata zile mbili zenye kujificha, yako na ya bibi yako."

Bwana akakuna kidevu, kisha uso ukamng'aa. Akamgeukia mama yake.

"Basi yangu ilitoka kwako!"

Kitandani, mkewe akamvuta mtoto kifuani. "Mutoto iko na njaa," alisema. "Mutoke inje."

Wanaume wa namna hii nawajua. Mtoto akichukua pua yao, watatangaza hadi kijijini Bogoro kwamba damu yao ina nguvu. Akichukua kilichojificha, atatafutwa mwanamke wa kulaumiwa, hata awe aliyewazaa. Baba wa bwana yule, ambaye naye angeweza kuwa ndiye aliyempa sehemu ile, hakutajwa kabisa.