Matuta ya Kwenda Buseresere

Nakumbuka mchana mmoja pale Nyasubi, mjini Kahama, mwanangu, niliposimama mbele ya watu wazima nikaapa kwamba gari lililolazwa matairi haliwezi kupinduka, na kwamba kuna moja huko Geita lilipanda ukuta wa ghala la pamba kama mjusi, likageuka juu, likashuka, na dereva hakumwaga chai yake. Sikuliona. Niliambiwa na Juma, fundi wa kuchomelea aliyetoka Tanga, naye aliambiwa na mtu aliyemfahamu dereva. Nililiamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litachomoza. Ujana ni sikio lisilo na mlango.

Wakati huo nilikuwa na gari dogo la abiria, haya tunayoyaita mchomoko, nikibeba wachimbaji na wafanyabiashara kati ya Kahama na Bulyanhulu. Lilikuwa gari la heshima. Lilipita kwenye mashimo ambayo ng'ombe mzima angezama zikabaki pembe. Lakini kijana haridhiki na kinachomlisha, hutaka kinachotazamwa. Nikampelekea Juma. Akakata springi kwa moto wa gesi, akayalaza matairi ya nyuma mpaka vichwa vikaingia ndani na nyayo zikatoka nje, kama ndama aliyezaliwa leo akijaribu kusimama. Tumbo la gari likakaribia ardhi kiasi kwamba sisimizi walikuwa wakiinama kupita chini yake. Nilipolipitisha sokoni wauza nyanya waliacha kupima. Nadhani hata nyanya zilinitazama.

Mama yangu naye alilitazama. Alilizunguka mara moja kama mtu aliyekuja mnadani kununua ng'ombe, akainama kukagua miguu. Kisha akauliza kama linaumwa. Nilicheka, nikamweleza kuwa huo ndio mtindo. Akasema haya.

Haukupita mwezi, simu ikaja kutoka Buseresere. Mjomba Lukasi, kaka yake mama, alikuwa hoi kitandani. Mjomba huyu ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, na ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Ila yeye na mama walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe wa urithi. Sasa alimtaka dada yake aje upesi, na mimi nije naye, kwa kuwa ana neno kwa kila mmoja wetu. Mama alijifunga kitenge akasema twende. Jirani mmoja akashauri apande basi. Nikamjibu kwamba mimi nina gari, mama yangu atabanana vipi na watu? Kiburi kile, mwanangu, nakikumbuka mpaka harufu yake.

Njia ile siku hizo ilikuwa vumbi tupu, na kila penye nyumba tatu watu walikuwa wameweka tuta. Kwenye tuta la kwanza gari lilikaa juu kama mtu aliyepanda punda, miguu huku na huku. Nikamwomba mama ashuke ili liwe jepesi. Akashuka na magoti yake mabovu, akavuka kwa miguu, akanisubiri upande wa pili. Tuta la pili hivyo hivyo. Mpaka tunafika Bulyanhulu tulikuwa tumevuka matuta elfu moja. Nikisema kweli, labda kumi na mawili. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa pembeni wakitutazama. Mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa kama mama ndiye anayelisindikiza gari au gari ndilo linalomsindikiza mama. Wenzake wakaangua kicheko. Mama hakucheka, wala hakunitetea.

Mbele kidogo, tuta jingine, akashuka tena. Nililiburuza gari likikwaruza tumbo, nikatokea upande wa pili, nikamfungulia mlango. Hakuingia. Alikuwa amesimamisha lori la magunia ya mpunga, na dereva alikuwa tayari anamshika mkono kumpandisha.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia kutoka juu kule, "kaka yangu ananisubiri. Wewe baki na mgonjwa wako."

"Mama, shuka. Tunakaribia."

"Tunakaribia tangu asubuhi."

Hakuwa na hasira, na ndiyo maana iliniuma. Lori likaondoka, vumbi lake likanijaa mdomoni.

Nilikimbiza, kadiri kobe anavyoweza kukimbiza. Karibu na Katoro tairi la nyuma likapasuka. Mziba pancha, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilitoa, akaligeuza, akaniita nione. Upande wa nje lilikuwa jipya, hata vinyweleo vyake vya kiwandani vilikuwepo. Upande wa ndani lilikuwa limelika mpaka waya. Nikaanza kumbishia, nikamsimulia habari za lile gari la ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono.

"Kijana, hakuna gari lililopanda ukuta," alisema. "Tairi limeundwa likanyage kwa upana wake wote. Wewe umelikanyagisha kwa ukingo, ukingo umeisha, limepasuka. Ni hivyo tu."

Baadaye nilisoma masomo ya jioni, ukubwani, nikajifunza pembe na mizani, lakini sikupata humo somo lililozidi hilo.

Nilifika Buseresere jua limeelekea magharibi. Nilikuta viti vimetolewa nje na wanaume wamekaa kimya. Pakiwa hivyo mtu haulizi. Mama alikuwa ndani, ameketi chini pamoja na wifi yake. Yeye aliwahi. Walisemezana, wakasameheana, akamshika kaka yake mkono mpaka ulipopoa. Mjomba aliniulizia mara tatu. Wakamwomba aliache kwa mama neno langu, akakataa. Alisema hilo atanipa mwenyewe.

"Alikuwa anasikiliza kila gari linalopita," mama aliniambia. Akanipa maji ya kunywa.

Neno lile mjomba amekwenda nalo. Mpaka leo, na mvi hizi zote, sijui lilikuwa onyo, baraka au kunisamehe jambo nisilolijua. Kuna usiku huwa najitungia, lakini neno la kujitungia halishibishi.

Basi, mwanangu, umenionyesha kwenye simu picha ya gari lililolala, ukaniuliza nasemaje. Sikukatazi kupamba, hata ng'ombe wa harusi hupambwa. Lakini kabla hujamwita fundi akate springi, fikiria nani ataketi humo: mama mwenye magoti mabovu, mkeo mwenye mimba, jirani anayewahi msiba. Chombo cha safari hupimwa kwa mnyonge atakayekipanda, si kwa kijana atakayekitazama sokoni. Habari tamu ikikujia, mtafute aliyeona kwa macho yake, na usipompata, iache ipite. Na mkubwa akikuita, nenda kwa chochote kinachokwenda, hata juu ya magunia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Mimi nilianza kwa kuvunja miguu ya gari, kisha nikavunjika mwenyewe.

Mungu akupe njia iliyonyooka na moyo mwepesi wa kuitika. Akujalie ufike mapema kwa kila anayekuita, na mwenye neno lako akukute umeketi karibu na kitanda chake, mkono wako umo ndani ya wake.