Nyoka wa Mdogo Wangu Pale Mahongole

Ninamshukuru Mungu Baba, aliyeviumba vinavyotembea kwa miguu na vinavyotambaa kwa tumbo, aliyenipa umri wa kuyaona haya na akili iliyobaki ya kuyakumbuka. Jina lake litukuzwe kabla ya neno langu lolote.

Baridi ya Juni ikiingia, na ukungu ukikaa juu ya mabua ya mahindi mpaka saa nne, huwa naamka na kutazama pembe moja ya sebule yetu hapa Mahongole, Makambako. Sasa pana kiti tu. Lakini kwa miaka kadhaa pale palikuwa na sanduku la kioo, na ndani ya sanduku aliishi nyoka wa mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kike, yule aliyenifuata kuzaliwa, alikuwa mwalimu wa baiolojia huko Njombe. Nyoka huyo alipatikana kwenye stoo ya mahindi ya shule akiwa mwembamba kama penseli. Wapishi walitaka kumpiga. Mdogo wangu akawazuia, akamtazama vizuri, akawaambia ni wale nyoka wa kahawia wasio na sumu wanaoingia majumbani kufuata panya. Akaomba kibali kwa watu wa maliasili, akamweka maabara, na wanafunzi wake wengi walijifunzia kwake kwamba si kila nyoka ni wa kuuawa. Alipostaafu alihamia naye nyumbani kwake, mtaa wa Ramadhani. Alikuwa mjane, watoto wako mbali. Nadhani yule nyoka ndiye kitu pekee alichotoka nacho darasani.

Kisha akaugua. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, na watoto wake wakaamua apelekwe hospitali ya mbali, akae huko mpaka apate nafuu. Siku moja kabla ya safari aliniita. Hakuniuliza habari za nyumba wala za shamba lake la viazi. Alisema majirani watamuua nyoka mara tu atakapoondoka.

"Kaka," aliniambia, na maneno yalimtoka kwa shida, "nikirudi nimkute."

Nikamwahidi. Mimi nilikuwa mwinjilisti miaka thelathini, nimeahidi watu mambo mengi kwa niaba ya Mungu, lakini hiyo niliiahidi mwenyewe na niliiogopa.

Nilimbeba kutoka Njombe kwenye pikapu ya viazi, sanduku limefunikwa kitenge na limekaa magotini mwangu. Dereva aliuliza ni nini. Nilimjibu ni kifaa cha shule. Jambo hilo nililitubu baadaye, ingawa si uongo wote.

Mke wangu alitupokea mlangoni. Alitazama ndani ya kitenge, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi niliolewa na mwinjilisti," alisema. "Nyoka wa wifi hakutajwa kanisani siku ile."

Tuliongea sana jioni hiyo. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja: nyoka akiniuma mara tatu, anaondoka, na mimi ndiye nitakayempigia wifi yake simu kumweleza. Nilikubali haraka. Kwa mdogo wangu nilikuwa nimemwona nyoka huyo akipita vidoleni kama uzi wa sufu. Sikujua kwamba upole ule ulikuwa baina yao wawili.

Kwangu alikuwa mwingine kabisa. Kila nilipokwenda kubadilisha maji, nilimkuta amejikunja, shingo imepinda, mkia unatetemeka juu ya magazeti hadi yanalia. Nikifungua kifuniko, anaruka mdomo wazi. Wiki ya kwanza tu alinipata kwenye kidole gumba. Meno yake ni madogo, yanachoma kama miiba ya matunda ya porini, na damu inatoka nyingi kuliko maumivu. Niliosha kwa sabuni na maji mengi, nikafunga kitambaa. Mke wangu alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Moja," alisema.

Ya pili ilikuwa kosa langu waziwazi. Nilikuwa nimetoka kushika panya aliyenaswa ghalani, sikunawa, nikaingiza mkono kupanga magazeti. Yeye alinusa panya, akaja kuchukua panya. Alining'ang'ania. Nilitaka kuvuta mkono, ila nilikumbuka kuona kwenye daftari la mdogo wangu kwamba ukivuta unajichana wewe na unamvunja yeye meno. Nikasimama kimya, natokwa jasho katika baridi ile ya Makambako, mpaka alipoachia mwenyewe.

"Mbili," sauti ya mke wangu ilitoka jikoni.

Kilichonitia hofu zaidi ya kuumwa ni kwamba aliacha kula. Wiki moja, mbili, tatu. Mgongo wake ulianza kuonekana. Nikamwazia mdogo wangu akishuka kwenye basi na mimi nikimkuta stendi bila neno la kusema. Nilikuwa nikiomba asubuhi kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya nyoka, na sikuona aibu kuwataja wote wawili katika sala moja.

Mdogo wangu alikuwa akipiga simu Jumapili baada ya ibada. Kila mara aliuliza hali ya nyoka, na kila mara nilimjibu kwamba tunaendelea vizuri. Jumapili moja mke wangu alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Wifi, kaka yako anakuficha. Ameumwa mara mbili na nyoka wako hali chakula."

Nilirudishiwa simu kama mtoto aliyeshtakiwa. Mdogo wangu hakunilaumu. Aliniuliza kwa sauti yake ya darasani, ambayo hata kiharusi hakikuimaliza, nimweleze hatua kwa hatua ninachofanya ninapokwenda kwenye sanduku. Nikaeleza. Ninaingia sebuleni, nachukua maji, ninasimama mbele yake, halafu napiga hodi.

"Unapiga hodi wapi?"

"Juu ya kifuniko. Mara tatu."

Kisha nikamsikia anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na muuguzi akasikika akimuuliza kuna nini. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka.

Mnielewe. Mama yetu alitufundisha kwamba mtu haingii kwa mwenzake kama mwizi. Katika uinjilisti wangu nimesimama mbele ya milango ya wagonjwa, ya walevi, ya watu waliogombana na kanisa, na sikuwahi kuingia kwa mtu bila kubisha mara tatu na kungoja. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Sikuwahi hata kufikiri kwamba ninapiga hodi kwa nyoka. Nilikuwa naona ni adabu tu.

Alipopumua vizuri alinieleza. Nyoka hana masikio ya nje kama yetu, mtikisiko anausikia kwa mwili wote. Kile kifuniko nilichokigonga kilikuwa kama paa la nyumba yake kuangukiwa na jiwe, na mara tu baada ya jiwe linafunguka na mkono unashuka kutoka juu, kama mwewe. "Kaka, kila siku unamwambia kwamba leo ndiyo anakufa," alisema. "Naye kila siku anajitetea."

Nikachukua kalamu. Aliyoniambia niliyaandika nyuma ya kitabu cha nyimbo, karatasi nyingine sikuwa nayo karibu, na yapo mpaka leo. Niondoe sanduku karibu na ukuta wa jikoni, ambako mke wangu hutwanga. Nimwekee chungu kilichovunjika, ajifiche humo, kwa kuwa asiye na pa kujificha hawezi kutulia. Nisimguse kabisa kwa siku saba. Nisimshike akiwa amekula, mpaka zipite siku mbili au tatu, wala akiwa na ukungu machoni, maana hapo anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri. Ninawe kabla na baada. Na panya niachane nao kama ghalani kuna sumu. Mke wangu, aliyekuwa anasikiliza kwa kujifanya hasikilizi, alitoka siku hiyohiyo akaenda kuzoa sumu yote aliyokuwa ameitega, akairudia mitego ya mbao.

Siku saba nilikaa kwenye kiti kando ya sanduku na kusoma ibada ya asubuhi kwa sauti ya chini. Sikugusa kitu ila maji, tena polepole, nikiingia kwa upande anaouona. Siku ya tano alitoa kichwa chunguni. Siku ya saba jioni nilimwekea panya mdogo kwa koleo ndefu ya jikoni. Asubuhi panya hakuwepo. Nilimwita mke wangu aje aone mahali patupu.

Zikapita siku tatu tena. Nikachonga fimbo ya mwanzi, nikafunga kitambaa laini kwenye ncha. Mke wangu alisimama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni.

"Ya tatu ni leo," alisema, ila sauti haikuwa ya utani.

Nilifungua bila kugonga. Nikamgusa kwa kitambaa katikati ya mgongo, mara moja, kama mdogo wangu alivyoniagiza, ili ajue kwamba huu si muda wa chakula. Akajikunja. Nikangoja. Shingo ikalegea kidogo kidogo. Ndipo nikapitisha mikono miwili chini yake, mbali na kichwa, nikamnyanyua bila kumkaba, nikimwacha akae juu ya viganja. Aligeuka. Kichwa chake kikaja mpaka kwenye kidole gumba, palepale penye kovu, ulimi ukawa unaingia na kutoka. Kila kiungo changu kilitaka kujivuta. Mdogo wangu alinionya kwamba mkono unaoshtuka ndio unaoumwa. Nikaisali Baba Yetu yote moyoni. Alipofika mwisho wa kidole akapita, akaingia kwenye mkono wa sweta kutafuta joto.

Nilimrudisha mapema, kabla hajachoka nami. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mke wangu aliacha kuleta ndoo.

Mdogo wangu alirudi mwezi wa tisa. Alishukia Makambako, apumzike kwetu kabla ya kupanda kwenda Njombe. Alikuwa amekonda, anatembelea gongo, mkono wa kulia umelala kifuani. Alikataa chai. Alikaa kwenye kiti kando ya sanduku, akatazama kwa muda mrefu.

"Amenenepa," alisema.

"Kwa panya wa ghala langu," mke wangu akajibu. "Nakudai shukrani, wifi."

Nilimtoa nyoka, nikamsogezea. Akautazama mkono wake.

"Mkono wangu unatetemeka, kaka. Atanihesabu adui."

Hilo sikuwa nimeliandika popote. Nikafikiri, nikamweka nyoka begani, nikapiga goti mbele yake. Nikatandika kitenge mapajani mwake, nikaweka viganja vyangu chini ya viganja vyake, nikaibeba ile mikono miwili mpaka kutetemeka kukapungua. Mke wangu, mama aliyerudi nyuma hatua mbili siku ya kwanza, ndiye aliyemnyanyua nyoka kutoka begani kwangu, mikono miwili chini ya mwili, mbali na kichwa, akamweka juu ya viganja vya wifi yake. Nyoka alisimama kidogo, akaonja hewa, akapita juu ya ule mkono mgonjwa bila haraka. Mdogo wangu alifumba macho. Alisema anamsikia, kwamba vidole vile alivyoambiwa havitahisi tena vinamsikia.

Hakupanda kwenda Njombe wiki ile, wala mwezi ule. Alibaki kwetu, na karibu kila alasiri tuliketi hivyo, viganja vyangu chini ya vyake, tukizungumza habari za mama na za shule iliyokuwa na madirisha ya mbao, huku honi ya treni ya Zambia ikisikika kwa mbali. Mungu alimpa miaka minne zaidi. Nyoka, aliyekuwa mzee, alimtangulia kwa msimu mmoja wa mvua. Tulimzika chini ya mwanzi, bila ibada, lakini mdogo wangu alivua kitambaa cha kichwa.

Sisemi mtu aokote nyoka porini. Wengi wana sumu, na anayewajua ndiye awashike. Naandika haya kwa sababu pembe ile ya sebule imekuwa kimya, na mimi ninaikumbuka mikono ile minne iliyokuwa juu ya kitenge.

Na wewe unayesoma, Bwana akupe mikono iliyotulia na mtu wa kuiweka mikono yake chini ya yako siku itakapotetemeka. Akulinde utokapo na uingiapo kwako, wewe na wote unaowapenda, na wote uliowekewa uwatunze. Amina.